Nani Aliyekula Chakula cha Baba Mdogo?
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Ndugu Katibu alipendekeza nizungumzie kazi yangu serikalini. Nilimwomba radhi. Kazi yangu ni majalada, na majalada hayana utamu hata kwa anayelipwa kuyasoma. Nitazungumza juu ya kosa nililolifanya mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili hapa hapa. Ni kosa la somo la baiolojia.

Tulikaa Mtaa wa Sikukuu, vyumba viwili, pamoja na baba mdogo na mkewe. Baba mdogo alikuwa mchukuzi sokoni, mtu wa kushusha magunia ya viazi tangu alfajiri. Mwaka ule akaanza kukonda. Jioni homa, usiku jasho la kulowesha shuka, suruali akaifunga kwa kamba. Mama mdogo alipika, akakopa nyama, akapika tena. Sahani ilirudi nusu, na hata ilipokwisha, chakula hakikuonekana mwilini. Ndugu wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke anamnyima mumewe chakula, au anamtilia kitu.

Kikaitwa kikao cha wazee watatu. Kwa kuwa nilikuwa nasifiwa kwa baiolojia, niliulizwa: je, vijidudu vinaweza kumla mtu mzima namna hii? Nikasimama, nikajibu kwa kujiamini kwamba haiwezekani. Kijidudu ni kidogo mno; hata wakikusanyika mamilioni hawamalizi sahani moja ya ugali. Jibu lilikuwa sahihi, na lilitosha kumhukumu. Mama mdogo alirudishwa kwao Rufiji.

Wiki tatu baadaye baba mdogo alipimwa makohozi. Kifua kikuu.

Basi nani alikula? Nilipata jibu miaka mingi baadaye, chuo kikuu. Aliyekula ni jeshi la baba mdogo mwenyewe.

Mnajua kwamba damu ina chembe nyeupe zinazotulinda. Mojawapo huitwa limfosaiti. Ikiwa imetulia, ni ndogo, upana wake kama sehemu saba za elfu moja ya milimita. Huchoma chakula kidogo, polepole, kwa oksijeni. Inapokutana na adui wake haiamki hivi hivi. Hungoja ishara ya pili kutoka kwa chembe nyingine, kuthibitisha kwamba kweli ni adui. Ikikosa ishara hiyo hupooza. Ikiipata, hufungua milango ya sukari, huvimba mara mbili au zaidi kwa muda wa siku moja, kisha hugawanyika mara mbili tatu kwa siku. Chembe moja inaweza kuzaa maelfu katika wiki.

Hapa pana jambo lililowasumbua wataalamu. Kipande kimoja cha sukari kikichomwa kwa oksijeni hutoa nguvu karibu vipimo 30. Kikivunjwa kwa njia fupi, bila oksijeni, hutoa 2 tu. Chembe iliyoamka, ingawa oksijeni ipo tele, huipendelea sana njia hiyo fupi. Mjerumani Otto Warburg aliona jambo hilo katika uvimbe wa saratani miaka ya 1920. Unaweza kusema ni ubadhirifu. Lakini mwulizeni seremala: ubao ni kuni, na ubao huo huo ni kitanda. Chembe inayotaka kujijenga mara mbili inahitaji mbao zaidi ya moto. Sukari nyingine, pamoja na protini tunazokula, hugeuzwa kuta na vifaa vya chembe mpya.

Hayo ni matumizi ya askari wenyewe. Kubwa zaidi ni amri wanazozipeleka mwili mzima, na habari hii ina asili ya kwetu. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanajua ng'ombe aliyeumwa na mbung'o hukonda hadi mifupa. Anthony Cerami, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alivutwa na swali hilo la nagana. Mwaka 1980 yeye na mwenzake walieleza kwamba sungura wenye ugonjwa huo walijaa mafuta katika damu, kwa sababu mwili ulishindwa kuyatoa humo na kuyatumia. Vimelea havikuwa vikiyala. Ilikuwa amri ya chembe nyeupe. Kitu kinachobeba amri hiyo kiliitwa kakektini, na mwaka 1985 kikatambulikana kuwa ni kile kile kilichokwisha kujulikana kwa kuua uvimbe. Huzuia mafuta yasiwekwe akiba, husaidia kuvunja misuli, hupandisha homa, na hukata hamu ya kula. Kila nyuzi moja ya homa huongeza matumizi ya mwili kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ile sahani iliyorudi nusu ilikuwa ni ugonjwa wenyewe.

Sisi wa Kariakoo tusishangae. Jina letu limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho Waingereza walikiweka hapa walipouteka mji mwaka 1916. Wapagazi walibeba chakula cha jeshi, na safari ikiwa ndefu sehemu kubwa ya mzigo ililiwa njiani na wabebaji wenyewe. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi kuliko risasi.

Mtu atauliza: kwa nini tusiizime amri hiyo? Mwaka 2001 madaktari walitoa taarifa kwamba wagonjwa wa viungo waliopewa dawa ya kuizima walipatwa na kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini. Na mwenye njaa naye hana jeshi: majaribio ya panya ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba akiba ya mafuta ikipungua, limfosaiti haziamki sawasawa. Kinachobaki ni kuviua vijidudu kwa dawa hadi mwisho na kumlisha mgonjwa wakati huo huo. Siku zile dawa zilikuwa za miezi minane. Siku hizi, kwa kifua kikuu cha kawaida, ni sita. Baba mdogo alitaka kuziacha mwezi wa tatu, ati gunia limekwisha kuwa jepesi. Tulimkatalia. Akapona, akanenepa.

Mama mdogo hakurudi. Mwaka juzi nilikwenda Rufiji na karatasi na kalamu, nikamchorea yote haya barazani kwake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Na wale wazee wa kikao, mwanangu, umewaeleza?”

Wawili wamekwisha kufariki. Wa tatu anakaa Mtaa wa Swahili, na nitakwenda kwake tukitoka hapa.