Mtegee Mtoto Kitendawili

Mzazi wa Buswelu, mlezi wa Ilemela, chakula kikiwa bado jikoni, mwite mtoto. Sema: "Kitendawili!" Naye aitikie: "Tega!" Mtegee: "Nyumba yangu haina mlango." Usimharakishe. Akisie, acheke, akisie tena. Akishindwa, mwombe mji. Akikupa Ukerewe, pokea, kisha mwambie jibu: yai. Hapo amejifunza kufikiri kwa Kiswahili, na kusubiri zamu yake.

Nyumbani mnasema Kisukuma? Endeleeni. Bibi atege kwa Kisukuma, wewe kwa Kiswahili. Lugha mbili hazimdhuru mtoto. Na anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza ndiye anayekuhitaji zaidi umtegee kwa Kiswahili.

Kitendawili kimoja, kila jioni. Kimoja tu, kila jioni. Kesho, mwache yeye akutegee.