Wizara ya Mambo ya Ndani na Dhamana ya Uongozi



Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi wengi wetu tunaifahamu kwa sare zake tu: polisi wa barabara ya Moshi, askari magereza wa Kisongo, ofisa uhamiaji. Zimamoto nao wamo, na wakimbizi wa Nyarugusu wako chini yake. Lakini ndiyo wizara iliyokabidhiwa funguo za mahabusu, na kwa sababu hiyo yatupasa kuijua historia yake.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wazee walikuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Serikali ikaanzisha operesheni ya kuwasaka wauaji, nia ambayo hakuna angeipinga. Kumbe watuhumiwa waliteswa mikononi mwa polisi na maofisa usalama, na baadhi yao wakafa. Waziri alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakushitakiwa kwa lolote. Hata hivyo, Januari 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Baadhi ya watendaji walifikishwa mahakamani na kufungwa. Mwaka 1985 Mzee Mwinyi akawa Rais wa nchi, na wanaodhani kuwajibika ni kujizika kisiasa walitafakari hilo.

Tuseme wazi, kujiuzulu huko hakukumrudisha hata marehemu mmoja. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam, wakidaiwa kuwa majambazi. Hawakuwa majambazi. Ilikuwa mwaka 2016 ndipo Mahakama ya Rufani ilipomtia hatiani ofisa mmoja.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na tangu 1988 twaweza kuzidai mahakamani. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 yataka kwamba mtu asiyeweza kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 apewe dhamana, isipokuwa kwa makosa makubwa. Dhamana ya polisi haiuzwi, ndugu zetu, ingawa wapo waliouza mbuzi kuilipia.

Basi jirani akikamatwa, mwenyekiti wa jumuiya aandike siku hiyo hiyo: saa aliyokamatwa, kituo alikopelekwa, kosa aliloambiwa. Saa 24 zikipita, watu wawili waende na karatasi hiyo kwa mkuu wa kituo, wamsalimu kwa heshima, na wamwulize.