Randa ya Umeme Karakanani na Ufukweni: Mada kwa Mafundi Seremala na Waunda Boti wa Kirando



Nimepewa mada ya matumizi salama ya randa ya umeme, ile ya kushika mkononi. Mtanisikia nikizungumzia pia ubao uliotoka na mawimbi, ukingo usiokutana na mwenzake, na boti inayovuja wiki mbili baada ya kukalafatiwa. Sijatoka nje ya mada. Katika kazi hii kinachokata kidole ndicho kinachoharibu ubao: ubao haukubanwa, kisu kimekuwa butu, umeme ni hafifu, au fundi anakimbizana na mteja. Mwenye karakana anayetaka kujua kama vijana wake wako salama na aupapase ubao walioupiga randa. Atapata jibu kabla hajauliza mtu.

Mashine hii si ngeni tena kwetu. Kampuni ya Makita ilianza kuuza randa ya umeme ya mkononi nchini Japani mwaka 1958, na leo randa zake, pamoja na za kampuni nyingine na nakala nyingi za bei nafuu, zimefika hadi vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Inayoonekana zaidi ni ile ya upana wa milimita 82. Ndani yake kuna rola yenye visu viwili, inayozungushwa na mota kwa mkanda. Modeli nyingi za ukubwa huo huzunguka kiasi cha mara 16,000 kwa dakika bila mzigo. Visu vikiwa viwili, ubao unakatwa mara 32,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 500 kila sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kurudi nyuma kwa kasi hiyo. Anayesema "nitawahi kuutoa mkono" ajue kwamba hatawahi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza ulaini wa ubao. Ukiisukuma mashine mita moja kwa sekunde 20, mkato mmoja na mwingine hupishana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na kiganja hakihisi kitu. Ukiikimbiza mita hiyohiyo kwa sekunde 5, mikato hupishana kwa karibu milimita 0.4, na hapo ndipo yanapozaliwa yale mawimbi ambayo vanishi huyaanika badala ya kuyaficha. Haraka haikuokolei muda: utakaa na msasa nusu saa ukirekebisha ulichokiharibu kwa sekunde tano.

Kabla ya swichi

Hapa ndipo nataka tukae muda mrefu, kwa sababu kazi nyingi mbaya na ajali nyingi huanza mashine ikiwa bado imezimwa.

Anza na ubao wenyewe. Karakana zetu hupokea paina, ambayo nyingi hutoka misitu ya kupandwa ya nyanda za juu kusini kama Sao Hill kule Mufindi, na mbao ngumu za miombo: mninga, mkora, mtundu. Kila mmoja una tabia yake. Paina ina vifundo vigumu ndani ya nyama laini, na kisu kikikifikia kifundo mashine huruka kidogo. Mtundu nyuzi zake hupishana, zikielekea huku na huku ndani ya ubao mmoja, hivyo utapiga vizuri nusu ya kwanza na kung'oa nyuzi nusu ya pili. Mvule mara nyingine huwa na mawe ndani, chokaa iliyojijenga kwenye mti ulipokuwa hai, na jiwe hilo humaliza kisu kipya kwa mpito mmoja. Tazama ubavu wa ubao, uone nyuzi zinapanda kuelekea wapi, na usukume mashine kuelekea huko zinakopanda. Zikigeuka katikati, punguza kina cha mkato au geuza upande wa kuingilia.

Ubao wa boti una mambo yake zaidi. Boti iliyovutwa nchi kavu kwa matengenezo imejaa misumari, mingine imekatika kichwa na kubaki ndani, haionekani. Ina rangi tabaka juu ya tabaka, na ina mchanga uliojificha kwenye kila mwanya. Mchanga ni jiwe la kunolea lililosagwa: linanoa upande usiotakiwa. Kwangua rangi kwanza kwa chakuo, piga brashi ya waya, kisha pitisha sumaku polepole juu ya ubao. Sumaku ya spika mbovu ya redio inatosha. Inaponasa, weka alama ya chaki, chimba, toa msumari au uzamishe chini kabisa ya kina cha mkato. Msumari unaogongwa na rola inayozunguka kwa kasi ile hauharibu kisu tu. Kipande cha chuma huruka, na anayesimama mbele ya boti akimshikia mwenzake ubao ndiye anayekipokea usoni.

Kisha bana. Ubao ubanwe kwenye meza kwa jiriwa au klampu, au uzuiwe mbele kwa kipande kilichopigiliwa chini ya usawa wa mkato. Usiukanyage kwa mguu. Usimpe mtoto aushike. Mkono wa kushoto uko kwenye kishikio cha mbele, wa kulia kwenye kishikio cha swichi, na yote miwili inabaki hapo mpaka rola isimame. Vidole vinavyozunguka chini ya ukingo wa ubao "kuupa mwongozo" ndivyo vinavyopotea, kwa sababu kwenye ukingo mwembamba visu vinatokeza pembeni na havina kitu cha kuvifunika.

Mwisho kagua visu, na plagi iwe imechomolewa ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Weka rula nyoofu juu ya kitako cha nyuma, izungushe rola kwa mkono taratibu, ukishika mahali pasipo na makali. Makali ya kila kisu yanapaswa kuigusa rula kwa shida, upande wa kushoto na wa kulia sawasawa. Kisu kikiwa juu ya kitako cha nyuma, mashine itachimba shimo mwisho wa ubao. Kikiwa chini, kitako kitapanda juu ya mkato na kazi itakwenda mshazari. Kimoja kikiwa juu kuliko mwenzake, kinakata peke yake: ubao unaonyesha mistari mipana, mashine inatetemeka, na mtetemo unalegeza skrubu zinazoshikilia visu. Ndiyo maana nasema upapase ubao. Ile mistari ni habari ya skrubu inayolegea.

Visu vibadilishwe viwili pamoja. Visu vya kabaidi vyenye makali pande mbili hugeuzwa upande wa pili, na pande zote mbili zikiisha hununuliwa vingine. Vile vya chuma cha kawaida hunolewa kwenye kishikio chake ili pembe ya makali ibaki ileile. Kisu butu hukulazimisha kukandamiza, na mtu anayekandamiza ameshapoteza usawa wa mwili wake.

Mpito wenyewe

Washa mashine ikiwa haijagusa ubao, iache ifikie kasi yake, ndipo uiingize. Mwanzoni uzito uwe kwenye kitako cha mbele, katikati ugawanye, ukimaliza uhamishie kitako cha nyuma. Wengi hufanya kinyume, na ndiyo sababu mbao zao zina bonde kila ncha. Kina kiwe nusu milimita kwa ubao wa kawaida, na kipungue hadi robo kwenye mpito wa mwisho. Mashine nyingine zinaruhusu milimita 2 na zaidi, lakini ruhusa hiyo ni ya kupunguza unene wa ubao laini. Kwenye mkora utaizima mota. Ubao mpana zaidi ya milimita 82 upigwe kwanza kwa kukata mshazari, kisha kwa urefu ukipishanisha mipito, na umalizie kwa randa ya mkono. Mzee fundi mwenye randa ya mkono iliyonolewa hajapitwa na wakati. Yeye ndiye anayefuta alama ambazo mashine imeziacha.

Kwa waunda boti ukingo ndio kila kitu. Mbao mbili za ubavu zinapaswa kukutana ndani na kuachana kidogo nje, ili pamba ya kalafati ipate pa kushika. Ukingo wenye mawimbi unaikaza pamba mahali pamoja na kuilegeza pengine, na penye ulegevu maji hupita. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku na taa zao, upepo wa ziwa unajulikana, na walio ndani ya boti hawana namna ya kujua kwamba fundi alikuwa na haraka. Tumia kizuizi cha pembeni cha mashine, piga mshazari kidogo kidogo, jaribisha ubao mahali pake mara nyingi. Milimita ya mwisho achia randa ya mkono.

Umeme karibu na maji

Randa nyingi zina alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake zimezibwa kwa tabaka mbili za kuzuia umeme, ndiyo maana waya wake hauna njia ya kwenda ardhini. Kinga hiyo ni ya mahali pakavu. Mchanga uliolowa, miguu mitupu na ubao uliotoka ziwani jana vinaiondoa. Boti ivutwe juu ikauke kwanza. Ubao mbichi hata hivyo huziba tundu la maranda na kuacha manyoya. Simama juu ya mbao kavu, vaa viatu vya soli ya mpira, na waya upite begani ukielekea nyuma yako. Viungio vya waya vilivyofungwa nailoni visifike ufukweni kabisa. Kwenye chanzo cha umeme wa nyumbani iwepo swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja.

Waya mrefu na mwembamba una madhara mengine: unakula volti. Mashine ya wati 600 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 2.6, na wakati wa kuwaka huvuta zaidi. Volti zikishuka mota hupungua kasi, mikato hupishana zaidi, fundi anasukuma kwa nguvu, mota inachemka. Ukisikia sauti imekuwa nzito na ukaona mawimbi kwenye ubao, pumzika ukaguse waya. Ukiwa wa moto, kosa liko hapo. Na waya usibaki umezungushwa kwenye roli lake wakati wa kazi.

Randa iliyopinduliwa

Wazee wangu, hili nalisema kwa uzito. Katika karakana nyingi za Afrika Mashariki randa ya mkononi hupinduliwa, ikafungwa chini ya meza visu vikitazama juu, na swichi ikafungwa kwa mpira wa tairi ili isizime. Najua sababu yake: mashine ya mezani ni ghali, na kusukuma vipande juu ya visu ni rahisi kuliko kubeba mashine. Lakini hapo visu viko wazi bila kifuniko, mkono unapita juu yake kila mpito, na siku kipande kinaporudishwa nyuma kwa nguvu hakuna namna ya kuzima haraka. Kipande kifupi cha sentimita 20 ndicho hatari zaidi, kwa sababu hakina urefu wa kukaa juu ya vitako vyote viwili. Kipande chochote chini ya sentimita 30 kipigwe kwa randa ya mkono.

Mpira wa swichi ukatwe leo. Wenye karakana mlio jirani, fikirieni kununua kwa pamoja mashine moja ya mezani yenye kifuniko cha visu. SIDO wapo Sumbawanga na kazi yao ni kuwasaidia wenye viwanda vidogo kwa mafunzo na mikopo. Kikundi kilichosajiliwa kinasikilizwa kuliko mtu mmoja mmoja.

Vumbi, mavazi na wajibu

Mwaka 1968 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti kuhusu mafundi wa samani wa eneo la High Wycombe, waliougua saratani ya pua kwa kiwango kisicho cha kawaida. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mninga na mvule, tunazozipenda, huwasha pua na kifua mapema zaidi. Barakoa ivaliwe, kazi ifanyike penye upepo, na tundu la maranda lisizibuliwe kwa kidole rola ikizunguka. Maranda ya boti ya zamani yasipelekwe kwenye banda la kuku wala jikoni, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi.

Miwani ya kazi, vizibo vya masikio, mikono ya shati iliyobana. Glavu pana hapana.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga, na ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 imeweka mfuko wa kumlipa aliyeumia kazini. Kijana anayejifunza kazi bila jina lake kuandikwa popote atapata shida kudai haki hizo, na aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kabisa kwenye mashine ya namna hii.

Mtu akikatwa, zima na chomoa. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, usimwage mafuta wala majivu. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi kilicholowa kidogo, kiingizwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Barafu ya samaki inafaa mradi isiguse nyama. Kisha kituo cha afya mara moja, na simu ipigwe kabla hamjaondoka.

Baada ya chai tutatoka nje. Kuna ubao wa ubavu wa boti iliyovunjwa na kuna sumaku mbili. Mashine itawashwa pale kikundi cha kwanza kitakapokuwa kimeonyesha misumari yote, kimeubana ubao, na kila mmoja ameshapima visu kwa rula.