Mahali pa Kuweka Tawi la Benki
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu)



Tumeombwa kusema machache juu ya tawi la benki, maana kila chama cha msingi chataka lijengwe mlangoni pake. Hatuyashangai madai hayo. Mkulima aliyelipwa fedha ya kahawa, akalala nayo siku tatu akingoja gari, hana usingizi.

Hata hivyo benki haiendi mahali kwa kuwahurumia watu. Hutazama kwanza amana zitakazowekwa na kukaa. Hapo ndipo penye shida yetu: fedha ya kahawa huingia kwa wingi katika miezi michache, ikatoka upesi kwa ada za shule, mabati na madeni, miezi iliyobaki karani wa benki atapiga miayo, na mshahara wake haupungui. Kwa hiyo mahali penye walimu, waganga na wenye maduka, ambao fedha yao hupita mwaka mzima, hupendwa kuliko penye kahawa tupu.

Tena kuna mvuto wa mji. Mwaka 1931 Mmarekani William Reilly alitoa kanuni ya kwamba mvuto huo huongezeka kwa kadiri ya watu, na hupungua kwa mraba wa umbali. Chukueni miji miwili iliyoachana kilometa 30, mmoja una watu mara nne ya mwenzake: mpaka wa wateja utakuwa kilometa 10 tu kutoka mji mdogo. Lakini kanuni hiyo haiujui mto uliofurika wakati wa masika, wala siku ya gulio. Sisi twavijua, basi umbali na uhesabiwe kwa nauli na saa, si kwa ramani.

Wako wasemao kwamba, tangu Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa mwongozo wa mawakala wa benki mwaka 2013, tawi si lazima tena. Wakala atufaa kwa fedha kidogo. Lakini siku ya malipo huishiwa mapema, naye huhitaji tawi la karibu ajaze tena.

Twapendekeza basi tuombe tawi la njia panda ya gulio, wala si la makao makuu ya Chama Kikuu, ijapokuwa sisi wa ofisini tungefurahi kuvuka barabara tu. Ombi liambatane na hesabu za malipo ya kila mwezi kwa miaka yote 10, na miezi mikavu isifichwe. Makatibu wa vyama wazilete hesabu hizo kabla ya mwezi huu kwisha.