Dirisha la Mbao au la Chuma?

Akina mama na akina baba wa vikundi, baridi ya Julai hapa Kinangop mnaijua. Asubuhi tukiwatembelea tunakuta fremu za chuma zinatoa jasho, maji yanachuruzika ukutani. Sababu ni kwamba chuma hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko mbao. Joto la nyumba linatorokea hapo, na makaa mliyonunua yanaishia bure.

Basi anayejenga na achague fremu ya mbao, kama saipresi. Lakini fundi asiwaletee mbao mbichi. Zikikauka zitajipinda na kuacha nyufa. Zipakwe dawa ya mchwa, kisha rangi. Aliye na chuma tayari asiing'oe: azibe nyufa za vioo kwa puti na za ukutani kwa simiti, halafu ashone pazia zito.

Jambo moja tunawasihi sana. Msizibe matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Jiko la makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima yaweza kulala isiamke. Hata dirisha liwe zuri namna gani, usiku jiko lilale nje.