Tangu Lini?



Katika furaha ya Jubilei hii twataka kunena habari za mtoto asiyefurahi pamoja nasi: yule apigaye wenzake, ashtukaye usiku, au anyamazaye siku nyingi. Wengi humchapa, fimbo ikishindwa, husema ana pepo.

Twakumbuka yule baba, katika Injili ya Marko sura ya 9, aliyemleta mwanawe kwa Bwana. Kabla ya kumponya, Bwana alimwuliza baba jambo hili limempata mtoto tangu lini. Ndilo swali aulizalo tabibu hata leo.

Kwa maana ghadhabu ya mtoto ina asili yake. Huenda amefiwa na mamaye. Huenda hasikii vema darasani. Huenda malaria iliyopanda kichwani imemwachia madhara. Basi, waalimu, angalieni yalianza lini, mkamweleze mzazi faraghani, kwa upole. Nanyi wazazi, mpelekeni zahanati; toka huko ataweza kupelekwa hospitali kubwa, kama Bugando kule Mwanza, waliko matabibu wa maradhi ya akili. Mtoto husemeshwa na kusikilizwa, mara nyingi kwa michezo, na mzazi hufundishwa jinsi ya kumlea. Si kazi ya siku moja, msikate tamaa.

Wala si upungufu wa imani. Mwenye homa twamwombea, naye hunywa dawa. Na huyu tumtendee vivyo hivyo.