Mtihani wa Ufundi kwa Vijana wa Kitale na Bungoma



Kitale pana chuo kikubwa cha ufundi, na Bungoma kuna Sang'alo. Waliopata nafasi huko twawapongeza. Leo twasema juu ya wale waliokosa karo: kijana wa gereji, mchomeleaji, binti wa cherehani. Kazi waijua, cheti hawana, na asiye na cheti hulipwa kama kibarua hata akimshinda fundi aliyemfundisha.

Sheria ya mafunzo ya kazi yamtaka mwajiri atoe Sh. 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi. Hutoka mfukoni mwake, wala hana ruhusa kuzikata katika mshahara. Tazameni karatasi zenu! Fedha hizo hupokewa na NITA, ndiyo hiyo hiyo itoayo mitihani ya ufundi, kuanzia daraja la 3 hadi la 1. Aliyejifunzia kazini aweza kuifanya, ingawa hakupita chuoni.

Ila ada ya mtihani ni mzigo kwa kijana. Twataka kila tawi lichange, na kila fundi amwandikishe kijana anayemfundisha. Wasichana wasiachwe. Majina yafike kwa katibu kabla ya mkutano ujao.